Kalori ngapi zatosha kwa anayetaka kupungua? Hesabu huanzia jikoni

ABIRIA anayetoka Tanga kwenda Segera kwa basi hupita Muheza, na aghalabu kitu cha kwanza akionacho dirishani ni machungwa. Yamepangwa mafungu kando ya barabara, yamejaa katika magunia na matenga, na mengine yamekwisha kumenywa, tayari kuliwa.

Wilaya hiyo ya Mkoa wa Tanga haina uhaba wa vyakula vya aina mbalimbali. Tambarare zake hutoa nazi na mihogo, na kutoka Amani, juu katika milima ya Usambara Mashariki, hushuka hiliki, mdalasini, karafuu na pilipili manga.

Kando ya machungwa hayohayo huuzwa pia chapati, maandazi, mihogo ya kukaanga, chipsi mayai na soda. Mkazi wa mji kama huo akiambiwa hospitalini kwamba shinikizo lake la damu limepanda na kwamba apunguze uzito, mara nyingi hurudi nyumbani na agizo fupi tu: apunguze kula.

Apunguze nini, na kwa kiasi gani? Hilo ndilo swali linalowashinda wengi. Wapo wanaoacha kula usiku, wanaoshinda na maji ya moto yenye ndimu, na wanaofuata orodha ya vyakula vya kigeni isiyotaja ugali hata mara moja. Baada ya wiki tatu njaa huwashinda, na uzito hurudi.

Swali hilo lina jibu la hesabu, na hesabu yenyewe haihitaji zaidi ya kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya. Lakini jibu linalopatikana ni mahali pa kuanzia tu. Linalobaki huamuliwa na vitu viwili: kikombe kinachopimia unga nyumbani na mizani inayopimia mwili.

Ukubwa wa tatizo

Kwa miaka mingi unene ulichukuliwa nchini kuwa dalili ya maisha mazuri. Aliyenenepa alisifiwa kwamba amenawiri, na aliyekonda alionewa huruma; baada ya ugonjwa wa ukimwi kuenea, kukonda kulizua hata minong'ono. Hadi leo wapo wanaoogopa kupungua kwa kuhofia maneno ya majirani.

Takwimu, hata hivyo, zinaonyesha upande mwingine. Kwa mujibu wa tafiti za kitaifa za afya ya uzazi na watoto, wanawake wa umri wa kuzaa wenye uzito uliozidi au unene uliokithiri walikuwa asilimia 11 katika utafiti wa mwaka 1991/92. Walifikia asilimia 22 mwaka 2010 na asilimia 28 katika utafiti wa mwaka 2015/16.

Katika utafiti huo wa mwisho, mijini walikuwa asilimia 42, mara mbili ya asilimia 21 ya vijijini.

Utafiti mwingine wa kitaifa, uliofanyika mwaka 2012 kwa watu wazima wa miaka 25 hadi 64, ulionyesha kuwa asilimia 26 walikuwa na uzito uliozidi. Karibu kiasi hichohicho walikuwa na shinikizo la juu la damu, na asilimia 9 walikuwa na kisukari.

Mambo hayo yanahusiana. Uzito unapozidi, hasa ukiwa tumboni, hatari ya shinikizo la damu na kisukari cha aina ya pili huongezeka.

Habari njema ni kwamba si lazima mtu mnene awe mwembamba ndipo apate nafuu. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002 uliwahusisha watu 3,234 waliokuwa karibu kupata kisukari. Waliowekewa lengo la kupunguza asilimia 7 ya uzito wao na kufanya mazoezi walipunguza uwezekano wa kupata ugonjwa huo kwa asilimia 58, wakilinganishwa na wale ambao hawakupewa mpango huo wala dawa.

Kwa mtu wa kilo 85, asilimia 7 ni kilo sita hivi.

Kalori ni nini?

Kalori ni kipimo cha nishati, kama vile lita ilivyo kipimo cha ujazo. Ile inayozungumzwa katika lishe, ambayo kitaalamu huitwa kilokalori, ni kiasi cha joto kinachoweza kupandisha joto la kilo moja ya maji kwa nyuzi moja ya Selsiasi.

Mwishoni mwa karne ya 19, mwanasayansi wa Marekani, Wilbur Atwater, alipima vyakula vingi na kupata viwango vinavyotumika hadi sasa. Gramu moja ya wanga hutoa kalori 4, gramu moja ya protini kalori 4, na gramu moja ya mafuta kalori 9. Pombe nayo hutoa kalori 7 kwa gramu.

Hapo pana jambo ambalo wengi hawalifahamu: mafuta hubeba nishati zaidi ya mara mbili ya unga au sukari ya uzito uleule. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kula kina kalori 120 hivi, sawa na machungwa mawili ya wastani.

Tanzania ina rejea yake yenyewe ya hesabu hizi. Mwaka 2008 Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania na Chuo Kikuu cha Harvard cha Marekani walitoa majedwali ya virutubisho vya vyakula vya Tanzania. Kwa hiyo anayetaka kujua kilichomo katika chakula chake hana sababu ya kutegemea orodha iliyotungwa kwa walaji wa nchi nyingine.

Hatua ya kwanza: mwili unatumia kiasi gani?

Mwili hutumia nishati hata mtu akiwa amelala. Moyo hudunda, mapafu huvuta hewa, ubongo na ini hufanya kazi usiku kucha. Kwa watu wengi matumizi hayo ya mwili uliopumzika ndiyo sehemu kubwa kuliko zote za matumizi ya siku.

Kanuni inayotumika sana kuyakadiria ni ya Mifflin na St Jeor, iliyochapishwa mwaka 1990. Uzito kwa kilo huzidishwa kwa 10. Urefu kwa sentimeta huzidishwa kwa 6.25. Majibu hayo mawili hujumlishwa, kisha hutolewa umri kwa miaka uliozidishwa kwa 5. Mwisho, mwanamume huongeza 5 na mwanamke hutoa 161.

Chukua mfano wa mwanamke mwenye duka, mwenye umri wa miaka 40, urefu wa sentimeta 160 na uzito wa kilo 85. Uzito wake unampa 850, na urefu unampa 1,000. Jumla ni 1,850. Akitoa 200 za umri, kisha 161, anabaki na kalori 1,489 kwa siku.

Kiasi hicho huzidishwa tena kulingana na shughuli za mtu. Anayekaa karibu siku nzima huzidisha kwa 1.2, mwenye shughuli nyepesi kwa 1.375, mwenye shughuli za wastani kwa 1.55, na mwenye kazi nzito kwa 1.725.

Hapa ndipo wengi hujidanganya. Uchovu si kipimo cha shughuli. Dereva wa bodaboda hurudi nyumbani akiwa hoi kwa jua na vumbi, lakini mwili wake umekaa siku nzima. Anayelima kwa jembe la mkono au kupanda milima ya Amani na mzigo kichwani yuko katika kundi jingine kabisa.

Mwenye duka wa mfano wetu husimama, hupanga bidhaa na hutembea kidogo, hivyo anazidisha 1,489 kwa 1.375 na kupata 2,047. Kwa makadirio, akila kalori 2,050 kwa siku, hatanenepa wala hatapungua.

Neno makadirio halina budi kusisitizwa. Kanuni hiyo ilitokana na vipimo vya watu 498 nchini Marekani, na kwa mtu mmoja mmoja huweza kukosea kwa asilimia 10 au zaidi.

Hatua ya pili: apunguze kiasi gani?

Kilo moja ya mafuta ya mwilini huhesabiwa kuwa na kalori 7,700 hivi. Kwa sababu hiyo, wataalamu wengi wa lishe hushauri kupunguza kama kalori 500 kwa siku. Kwa wiki hizo ni 3,500, takriban nusu kilo ya mwili.

Mwenye duka akitoa 500 katika 2,050, lengo lake linakuwa kalori 1,550 kwa siku.

Je, namba hiyo inaweza kumfaa kila mtu? Historia inajibu kwamba hapana. Kati ya mwaka 1944 na 1945, huko Minnesota, Marekani, mtafiti Ancel Keys aliwalisha vijana 36 wa kiume waliojitolea chakula cha kalori 1,600 hivi kwa siku kwa muda wa miezi sita. Kabla ya hapo walikuwa wakila kama 3,200.

Vijana hao walikonda, wakahisi baridi muda wote, wakawa na huzuni na hasira, na mawazo yao yakatawaliwa na chakula. Kiasi kilekile ambacho kwa mama wa kilo 85 ni punguzo la wastani, kwa kijana mrefu anayetembea sana kilikuwa njaa.

Hivyo basi, kuiga kiwango cha rafiki au cha mtu maarufu ni kosa. Kwa kawaida hushauriwa kwamba mwanamke asishuke chini ya kalori 1,200 kwa siku, na mwanamume chini ya 1,500, bila kusimamiwa na mtaalamu wa afya.

Kikombe cha unga na chupa ya mafuta

Namba ikishapatikana, ugumu wa pili hujitokeza: mtu atajuaje kalori alizokula, ilhali chakula hupikwa chungu kimoja na kuliwa katika sinia moja?

Kupima ugali ulioiva hakusaidii sana, kwa kuwa uzito wake hutegemea maji. Ugali laini na ugali mgumu wa unga uleule una kalori zilezile. La kupimwa ni unga mkavu kabla haujaingia sufuriani.

Gramu 100 za unga wa mahindi zina kalori 360 hivi. Mchele mkavu na unga wa ngano viko karibu na hapo. Unga wa muhogo, unaosongwa bada, chakula mashuhuri cha Tanga, una kalori pungufu kidogo tu.

Aidha, dona na sembe hazitofautiani sana kwa kalori. Dona huwa na nyuzinyuzi zaidi na hushibisha kwa muda mrefu, lakini anayekula dona maradufu kwa kuamini kwamba haina nishati anajidanganya.

Asiye na mizani nyumbani anaweza kupeleka kikombe chake dukani kikapimwa mara moja tu: kinabeba gramu ngapi za unga, ngapi za mchele, ngapi za sukari. Tangu siku hiyo kikombe hicho kinakuwa mizani yake.

Kilo moja ya unga ina kalori 3,600. Ikiliwa na watu watano kwa usawa, kila mmoja amekula 720. Hiyo ndiyo faida ya kupakua kila mtu katika sahani yake walau kwa wiki chache za mwanzo: katika sinia hakuna ajuaye nani amekula tonge ngapi.

Njia nyingine nyepesi ni kuhesabu kwa wiki badala ya siku. Familia ya watu watano inayomaliza lita moja ya mafuta kwa wiki imetumia kalori 8,200 hivi. Zikigawanywa kwa watu watano na siku saba, kila mtu amepata kama 230 kwa siku.

Familia hiyohiyo ikimaliza kilo mbili za sukari, hizo ni kalori 8,000 nyingine, yaani karibu 230 tena kwa kila mtu kwa siku. Kwa pamoja, mafuta na sukari vimeleta kalori 460 kabla hata ugali haujasongwa. Ni karibu sawa na zile 500 zinazotafutwa.

Nazi nayo ihesabiwe. Gramu 100 za nyama ya nazi zina kalori 350 hivi, na nyingi hutokana na mafuta ambayo huingia katika tui. Nazi moja yenye nyama ya gramu 300 hubeba zaidi ya kalori 1,000. Hii haina maana kwamba tui liachwe; ina maana kwamba nazi moja iliyopikiwa mboga ya watu sita si sawa na nazi moja iliyopikiwa watu wawili.

Kalori 500 zinapatikana wapi?

Turejee kwa mwenye duka. Asubuhi anakunywa vikombe viwili vya chai, kila kimoja na vijiko vitatu vidogo vya sukari. Kijiko kina kalori 20, hivyo jumla ni 120. Anakula na chapati mbili.

Kilo moja ya unga wa ngano na robo lita ya mafuta zikitoa chapati 20, kila chapati ina kalori 280 hivi. Mbili ni 560.

Mchana anakula ugali wa gramu 200 za unga, kalori 720, kwa bakuli la maharage ya nazi la kalori 250. Usiku anakula wali wa gramu 75 za mchele, kalori 270, pamoja na samaki na mboga za kalori 150. Jumla ya siku ni 2,070.

Sasa na apunguze sukari ya chai kutoka vijiko sita hadi viwili: ameokoa 80. Abakize chapati moja: ameokoa 280. Ugali uwe wa gramu 150 za unga: ameokoa 180. Jumla ni 540, na hajaacha chakula chochote alichokizoea.

Nafasi iliyobaki katika sahani ijazwe kwa mboga za majani. Mchicha, kisamvu na mchunga, ile mboga chungu ipendwayo Tanga, zina kalori chache mno zikipikwa bila mafuta au tui jingi. Maharage, dagaa, samaki na mayai visipunguzwe ovyo, kwa kuwa protini husaidia kushiba na kulinda misuli wakati mwili unapungua.

Viungo vya Amani navyo vina kazi. Chai yenye hiliki, mdalasini na tangawizi huvumilika kwa sukari kidogo kuliko chai tupu. Si kwamba viungo hivyo huyeyusha mafuta ya mwili, kama wengine wanavyodai. Wala ndimu na maji ya moto havifanyi hivyo. Asali pia ni sukari kwa sehemu kubwa, na haina budi kuhesabiwa.

Na machungwa ya Muheza je? Chungwa moja la wastani lina kalori 60 hivi, na mlaji hulazimika kulitafuna pamoja na nyuzinyuzi zake. Glasi ya juisi huweza kubeba machungwa matatu au manne, nyuzinyuzi zimeachwa katika chujio, na mara nyingine sukari imeongezwa. Chungwa lililiwe, juisi ihesabiwe.

Soda ya mililita 350 ina kalori 150 hivi, zote za sukari. Sahani ya chipsi mayai huweza kuzidi kalori 800, yaani zaidi ya nusu ya lengo la siku la mwenye duka.

Funzo kutoka Ziwa Eyasi

Wengi huuliza kama haiwezekani kuendelea kula kama kawaida na kuzichoma kalori kwa mazoezi. Moja ya majibu yanayotajwa sana duniani lilipatikana hapahapa Tanzania.

Mwaka 2012 mtafiti Herman Pontzer wa Marekani na wenzake walichapisha matokeo ya vipimo vya Wahadzabe, jamii ya wawindaji na waokota matunda waishio karibu na Ziwa Eyasi. Wanaume walitembea wastani wa kilometa 11.4 kwa siku, na wanawake kilometa 5.8.

Ilitarajiwa kwamba wangetumia nishati nyingi kuliko wakazi wa nchi za Magharibi wanaoshinda vitini. Haikuwa hivyo. Baada ya kuzingatia ukubwa wa mwili, matumizi yao ya siku hayakutofautiana sana na ya watu hao. Wanaume walitumia wastani wa kalori 2,650 hivi, na wanawake 1,880.

Pontzer anaeleza kwamba mwili uliozoea kazi hubana matumizi katika shughuli nyingine za ndani. Wataalamu bado wanajadili ukubwa wa jambo hilo, lakini funzo lake kwa anayetaka kupungua ni wazi: tofauti kati ya mnene na asiye mnene haielezwi na miguu peke yake, sahani ina sehemu kubwa.

Hesabu ya kawaida pia inaonyesha hivyo. Mtu wa kilo 85 akitembea kilometa tano hutumia kama kalori 250 hadi 300, kiasi cha chapati moja. Ni rahisi zaidi kuiacha chapati kuliko kuifukuza kwa mguu.

Hata hivyo, mazoezi yasiachwe. Hushusha shinikizo la damu, husaidia mwili kutumia sukari vizuri, hulinda misuli na husaidia uzito uliopungua usirudi.

Mizani ndiyo hakimu

Mwenye kuanza hesabu hii hana budi kupima uzito mara moja kwa wiki, siku ileile, asubuhi, kabla ya kula, na kwa mizani ileile. Kupima kila saa humchanganya mtu, kwa kuwa maji ya mwilini hubadilika siku hadi siku.

Wiki ya kwanza uzito huweza kushuka haraka. Sehemu kubwa ya uzito huo ni maji. Matokeo ya kweli huonekana baada ya wiki tatu au nne. Ikiwa kwa muda huo mizani haijasogea, basi ama kanuni imekadiria zaidi, ama kuna vyakula ambavyo havikuhesabiwa.

Mara nyingi sababu ni hiyo ya pili. Utafiti wa Marekani wa mwaka 1992 uliwachunguza watu waliolalamika kwamba hawapungui hata wakila kidogo. Ilibainika kuwa walikula karibu mara mbili ya kile walichokiripoti. Si lazima mtu awe mwongo; ni rahisi kusahau vilivyoonjwa jikoni, karanga za kutafuna na maandazi ya kukaribishwa.

Aidha, mwili ukipungua, mahitaji nayo hupungua. Mwenye duka akifika kilo 75, kanuni ileile itampa 1,910 badala ya 2,047. Kalori zake 1,550 ambazo mwanzo zilikuwa pungufu kwa 500, sasa zina upungufu wa 360 tu. Ndiyo maana kasi hupungua baada ya miezi michache, na jambo hilo si dalili ya kushindwa.

Sahani ipungue, chungu kisipungue

Kuna tahadhari moja kubwa kwa familia. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa Tanzania wenye umri chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Nyumba moja inaweza kuwa na mama mwenye uzito uliozidi na mtoto asiyepata lishe ya kutosha.

Kwa hiyo linalotakiwa kupungua ni sahani ya anayepunguza uzito. Mtoto anayekua asinyimwe mafuta, nazi, mayai wala maharage kwa sababu mama au baba yake ameanza kuhesabu kalori.

Wapo pia wasiostahili kufanya hesabu hii peke yao. Mjamzito na anayenyonyesha wasijaribu kupungua bila ushauri wa mtaalamu. Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari huweza kupatwa na upungufu wa ghafla wa sukari akipunguza chakula bila dawa kurekebishwa. Anayetumia dawa za shinikizo la damu naye amweleze daktari wake, na asiache dawa kwa sababu amepungua.

Mgonjwa wa kifua kikuu na anayeishi na virusi vya ukimwi nao wapate ushauri kwanza. Na yeyote anayepungua bila kukusudia asifurahie: kikohozi kisichoisha, kiu nyingi na kukojoa mara kwa mara, au homa za usiku ni sababu ya kwenda kupimwa haraka.

Kwa wengine wote, mwanzo si mgumu. Wazee waliposema haba na haba hujaza kibaba, walizungumzia kuongeza. Kwa anayetaka kupungua methali hiyohiyo husomwa kinyume: vijiko vinne vya sukari, chapati moja na gramu 50 za unga, siku baada ya siku, huondoa kilo ambazo zilichukua miaka kuingia.